Upasuaji ukienda kombo: Je, ufungue kesi ya madai?

Na Mwandishi Wetu

NOVEMBA 2007 Watanzania walishtushwa na habari kutoka Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), jijini Dar es Salaam. Wagonjwa wawili wenye jina la kwanza linalofanana walibadilishana upasuaji: aliyestahili kupasuliwa goti alipasuliwa kichwa, na mwenye tatizo la kichwa akapasuliwa goti. Huyu wa pili alifariki dunia baadaye.

Katika tukio la namna hiyo kosa linajieleza lenyewe. Mambo mengi yanayowapata wagonjwa baada ya upasuaji hayako wazi kiasi hicho. Kidonda kinatunga usaha, mguu unakufa ganzi, mama anarudishwa tena chumba cha upasuaji. Ndugu hujiuliza: ni bahati mbaya au ni uzembe? Na kama ni uzembe, kuna faida gani kwenda mahakamani?

Jambo la kwanza kufahamu ni kwamba matokeo mabaya pekee si ushahidi wa uzembe. Mdai hupaswa kuthibitisha mambo matatu: kwamba daktari au hospitali ilikuwa na wajibu wa kumhudumia kwa uangalifu, kwamba wajibu huo ulikiukwa, na kwamba ukiukwaji huo ndio uliosababisha madhara anayodai.

Mahakama zetu zimerithi misingi ya sheria za Uingereza, ambako shauri la Bolam la mwaka 1957 liliweka kipimo mashuhuri: daktari hana hatia ya uzembe iwapo alifuata utaratibu unaokubaliwa na kundi la madaktari wenye ujuzi katika fani yake. Kwa sababu hiyo, bila daktari mwingine kuwa shahidi mtaalamu, kesi nyingi hukwama mapema.

Wengi pia hudhani kuwa kusaini fomu ya ridhaa kunamfungia mgonjwa mlango. Sivyo. Saini inakubali upasuaji na hatari zake za kawaida; haikubali uzembe.

Hatua ya kwanza basi si kumtafuta wakili, bali kutafuta maelezo. Omba kwa maandishi nakala ya jalada la matibabu, majibu ya vipimo na taarifa ya upasuaji, kisha uyapeleke kwa daktari bingwa wa hospitali nyingine. Tunza stakabadhi zote za malipo, na uandike tarehe, majina ya waliokuhudumia na waliyokueleza wakati kumbukumbu ingali mbichi.

Muda nao haumsubiri mtu. Kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, madai ya fidia yatokanayo na uzembe hufunguliwa ndani ya miaka mitatu. Iwapo hospitali ni ya Serikali, mdai hutakiwa kwanza kutoa notisi ya siku 90, na nakala yake kumfikia Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Shauri hufunguliwa Mahakama Kuu. Marekebisho ya mwaka 2020 yalipanua utaratibu huo hadi kwa mamlaka za serikali za mitaa na mashirika ya umma. Anayeanza kuulizia mwezi wa mwisho huwa amechelewa.

Aidha, jiulize unachokitafuta. Ikiwa unataka mhusika achukuliwe hatua za kitaaluma, malalamiko hupelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika, au Baraza la Uuguzi na Ukunga kama mhusika ni muuguzi. Mabaraza hayo yanaweza kumwadhibu mtaalamu, lakini fidia ni kazi ya mahakama. Ikiwa unataka tu kuelezwa ukweli na kuombwa radhi, kikao na uongozi wa hospitali chaweza kutosha.

Kesi ina gharama: ada ya wakili, shahidi mtaalamu, nauli na miaka ya kusubiri. Pale ambapo madhara ni madogo na mgonjwa amepona, fidia huenda isifikie gharama hizo. Pale ambapo mtu amepata ulemavu wa kudumu, amepoteza kazi, au familia imepoteza mlezi, hesabu hubadilika. Asiye na uwezo anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Kudai haki si kumchukia daktari. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakiki kabla na baada ya upasuaji, la kwanza likiwa utambulisho wa mgonjwa na sehemu inayopasuliwa. Ifakara, mkoani Morogoro, ilikuwa miongoni mwa maeneo manane duniani yaliyoijaribu, na katika maeneo hayo kwa jumla vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Kosa lililosemwa wazi huweza kumwokoa mgonjwa anayefuata. Lililofichwa hungoja kurudiwa.