Meli Ilikuwa na Jina, Mbebaji Alikuwa na Namba

Kuna watu huita simu yao Akinyi. Kuna nduthi zinaitwa Baba Yao. Kuna wanafunzi wana peni moja ya wino, ile ya kujazwa kwa chupa, imeshapewa jina na hairuhusiwi kuguswa na mtu mwingine. Halafu kuna wale wa kucheka: "Ati peni ina jina? Kwani imebatizwa?"

Leo natetea wenye peni. Ila sitaki kuwatetea kwa kusema ni mchezo tu. Si mchezo. Ukitaka kujua watu wa zamani walithamini nini, usisome hotuba zao. Angalia walichokipa jina, kisha angalia walichokipa namba. Historia yetu ya huku ziwani iko hapo katikati.

Kwanza sikiliza lugha. Kwa Kiswahili humuulizi mtu "jina lako nini?" Unauliza "jina lako nani?" Kwa Dholuo ni vilevile: "Nyingi en ng'a?", na hiyo ng'a ni nani, si nini. Yaani jina likishaingia, kitu kinatoka upande wa nini kinaenda upande wa nani. Simu isiyo na jina ikidondoka, unasema imeanguka. Ikiwa ni Akinyi, utajisikia unasema, "Woi, ameanguka!" Hakuna mwalimu aliyekufundisha hiyo. Ngeli imebadilika yenyewe.

Huku kwetu jina halijawahi kuwa lebo. Mimi ni wa Osiri, upande wa wachimba dhahabu, na kama wewe ni Mjaluo unajua tayari: Otieno alikuja usiku, Akinyi asubuhi, Okoth wakati wa mvua. Juu ya hilo kuna jina la juogi, la jamaa aliyefariki. Wazee husimulia kwamba mtoto akilia bila kunyamaza, walianza kutaja majina ya marehemu mmoja mmoja. Likitajwa moja akatulia, basi ndilo lake. Jina lilikuwa kamba ya kumfunga mtu na watu wake.

Na vitu pia vilifungwa hivyo. Nenda Ankole, magharibi mwa Uganda. Huko kulikuwa na ngoma ya kifalme, jina lake Bagyendanwa. Ngoma hiyo ilikuwa na ng'ombe wake, wahudumu wake, na ngoma nyingine iliyohesabiwa kuwa mke wake. Watu waliipelekea shida zao. Mfalme alikufa, akaja mwingine, Bagyendanwa akabaki palepale. Kwa hiyo mtu akikuambia kupa vitu majina ni mambo ya Wazungu wapweke na paka wao, mwambie ngoma ya Ankole ilikuwa na mali kuliko yeye.

Sasa turudi ziwani, Nam Lolwe. Wakati wakoloni wanaleta meli zao hapa, nao walikuwa na tabia hiyo hiyo ya kupa vitu majina. Mwaka 1900 waliishusha majini huko Kisumu meli ya mvuke iitwayo William Mackinnon, jina la tajiri wa Uskoti aliyeanzisha kampuni ya kikoloni ya Afrika Mashariki. Zikafuata Winifred na Sybil, majina ya kike kabisa, kama ya shangazi wawili wa London. Ikaja Clement Hill, jina la ofisa mkubwa wa serikali ya Uingereza. Baadaye wakakumbuka kwamba ziwa lina wenyewe, zikaja Usoga na Rusinga. Rusinga ni kisiwa chetu cha Homa Bay. Hata Kisumu yenyewe waliiita Port Florence, kwa sababu ya Florence Preston, mke wa injinia aliyefikisha reli hapo mwaka 1901.

Lakini jiulize swali moja. Meli ya chuma ilifikaje Kisumu? Haikuja ikielea kutoka Mombasa. William Mackinnon ilitengenezwa Uskoti ikiwa vipande, ikafungwa, ikapakiwa, ikafika pwani. Reli ilikuwa haijafika ziwani. Pale reli ilipoishia, vipande vilibebwa. Vichwani, mabegani, kupitia Bonde la Ufa. Kazi hiyo ilichukua miaka.

Jina la tajiri aliyekuwa amekufa tangu 1893 liko kwenye vitabu vyote. Majina ya waliobeba chuma chake je? Zunguka utakavyozunguka, utakuta neno moja tu: wapagazi. Wingi. Bila nani.

Hapo ndipo hadithi yangu inaanza kuuma.

Septemba 1914 vita vya Wazungu vilifika hadi kwetu. Wajerumani walivuka mpaka kutoka Tanzania ya leo, wakapigana na Waingereza Kisii, na wakaingia Karungu, ambayo leo iko kaunti ya Migori. Waingereza wakatuma Winifred na askari. Karungu ikakuta meli ndogo ya Kijerumani yenye mzinga, inaitwa Muansa, yaani Mwanza kwa tahajia yao. Winifred akageuka, akarudi. Akaja tena akiwa na mwenzake, Kavirondo, na safari hii Muansa ndiye aliyeondoka. Unaona nilivyoandika? Akageuka, akarudi. Meli ninaizungumzia kama mtu, na wewe umesoma bila kushtuka.

Sasa watu. Vita hivyo havikupiganwa na meli peke yake. Vilihitaji chakula, risasi, mahema, na hakukuwa na barabara. Kwa hiyo wanaume walichukuliwa kwa wingi, Nyanza ikiwa moja ya sehemu zilizotoa wengi sana, wakaingizwa kwenye kikosi cha wabebaji. Kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Babu zetu wakalitamka neno hilo kwa ulimi wao, likawa Kariakor. Ndiyo ile Kariakor ya Nairobi, na ndiyo Kariakoo ya Dar es Salaam. Ukienda sokoni kununua viatu, unatembea juu ya jina la jeshi hilo.

Mbebaji alipewa kibati chenye namba. Waliokufa upande wa Uingereza, wengi kwa maradhi na njaa, makadirio yanakaribia 100,000. Na baada ya vita, mishahara ya wengi waliokufa au kupotea haikufika nyumbani, kwa sababu serikali ilisema familia zao hazikuweza kupatikana. Jina la mtu, la baba yake na la kijiji chake halikuandikwa vizuri, au halikuandikwa kabisa. Hii si hoja ya mashairi, ni pesa. Mama fulani wa Nyanza alikosa jasho la mtoto wake kwa sababu ya jina lililokosewa kwenye daftari.

Halafu, vita vilipoisha, namba haikuisha. Kuanzia 1919 na 1920 mwanaume Mwafrika Kenya alilazimika kubeba kipande. Karatasi yenye alama za vidole na rekodi ya kazi, ndani ya kikopo cha chuma, kikopo shingoni. Wazee walisema wanavalishwa kengele kama mbuzi. Weka picha hizo mbili pamoja: bandarini Kisumu kuna chuma kinaitwa Sybil, na kando yake kuna mwanaume amevaa chuma chenye namba.

Usidhani ni ziwa letu peke yake. Ziwa Tanganyika, mwaka 1915, ofisa wa Uingereza anayeitwa Spicer-Simson alipewa boti mbili ndogo za kivita. Akapendekeza ziitwe Paka na Mbwa. Wakubwa wake wakakataa. Akaleta Mimi na Toutou, wakakubali bila kujua kwamba ni sauti za paka na mbwa kwa Kifaransa cha kitoto. Inachekesha, na vitabu vyote vinasimulia kicheko hicho. Boti hizo zilipitishwa nchi kavu huko Kongo, kwenye msitu na milima, kwa njia iliyofyekwa na madaraja yaliyojengwa na vibarua Waafrika. Boti zina majina ya wanyama wa nyumbani. Waliofyeka njia hawana hata hayo.

Adui wao kule alikuwa na meli kubwa, Graf von Götzen, jina la gavana wa Kijerumani aliyetawala Tanganyika wakati wa Vita vya Maji Maji. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya: Liemba, jina la zamani la ziwa lenyewe. Chuma ni kilekile. Lakini hebu fikiria kupanda meli yenye jina la gavana aliyeua watu wako, kisha ufikirie kupanda meli yenye jina la maji unayoyanywa. Si safari moja.

Uhuru ulipokuja, viongozi wetu walielewa hilo. Shirika la reli la Afrika Mashariki lilikuwa na injini za mvuke zilizopewa majina ya magavana wa kikoloni. Vibao vile viling'olewa. Injini nyingine, zile kubwa kuliko zote, zilikuwa na majina ya milima ya Afrika Mashariki, na hizo zikaachwa na majina yake. Moja iko kwenye Makumbusho ya Reli pale Nairobi. Namba yake ni 5918, jina lake ni Mount Gelai. Ukienda mjini, pitia. Tazama kwamba ina vyote viwili, namba na jina, na hakuna kinachomzuia mwenzake.

Hilo nataka ulishike, maana sipigi vita namba. Namba ina kazi yake. Mwaka 2004 waziri John Michuki alipobana matatu kwa sheria zake, mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo viliokoa watu. Lakini ule mstari wa njano ulikuja na kupaka rangi moja, na michoro na majina ya mathree yakafifia kwa miaka. Watu walikuwa wakisema "nilipanda fulani," wakataja jina la gari kama la rafiki. Ghafla ikawa ni namba ya ruti tu. Na unajua majina yalirudi. Yangewezaje kutorudi?

Sasa jambo la mwisho, na ndilo zito. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, kwenye ziwa hili hili tunalovua omena. Ilikuwa imejaa kupita kiasi. Walikufa mamia. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha ya majina. Daraja la tatu, lile la watu wengi na tiketi ya bei ya chini, halikuwa na orodha. Kwa hiyo mpaka leo idadi kamili ya waliokufa inabishaniwa. Meli ilikuwa na jina zuri, jina la mji, limeandikwa kwa rangi ubavuni. Walioingia ndani yake hawakuandikwa.

Kutoka William Mackinnon hadi Bukoba ni miaka karibu mia moja. Mkoloni alishaondoka. Tabia ilibaki.

Kwa hiyo ipe peni yako jina. Ipe simu, ipe nduthi, ipe gitaa. Usione haya, una ukoo mrefu nyuma yako, ukoo wenye ngoma yenye ng'ombe na mke. Kumpa kitu jina ni kusema kwamba kikipotea kuna mtu atauliza. Lakini kama una moyo wa kuipa peni jina, basi una deni. Unamjua jina yule mama anayekuuzia omena kila siku? Mlinzi wa geti? Dereva wa nduthi aliyekubeba mwezi mzima, unamwita nani, au ni "boss" tu?

Na huku kwetu kuna kazi ya haraka zaidi. Fuo zetu za Migori na Homa Bay zimejaa boti, jina ubavuni na namba ya usajili kando yake. Hiyo ni sawa kabisa. Kinachokosekana mara nyingi ni karatasi moja inayobaki nchi kavu, yenye majina ya walioingia jioni hiyo. Haina gharama. Peni moja inatosha, hata kama yenyewe haina jina. Na kule Osiri, kabla watu hawajashuka shimoni kutafuta dhahabu, karatasi hiyo hiyo ibaki juu.

Nyumbani nako, keti na dani au kwaru wiki hii uulize: nani wa ukoo wetu alienda Kariakor? Akikupa jina, liandike lote, na jina la babake. Familia nyingi bado wanalo, na mtu wa mwisho anayelijua anazeeka.