Daktari Aliyeishtaki Televisheni

SEHEMU YA 1: Kadi ya kliniki

 Leo nina stori ndefu, ya kweli. Nimeikata vipande sita ili msome mkiwa mnanyonyesha.

Ilianzia kliniki. Mama mmoja kijana alikuja na mtoto wa miezi tisa kamili. Uzito mzuri, mtoto anacheka. Nilipoanza kuandaa sindano ya surua, mama akavuta kanga akamfunika mtoto mkono.

"Nesi, samahani. Hiyo naomba tuiache kwanza."

"Kulikoni, mwanangu?"

Akatoa simu, akanisikilizisha ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Mwanaume anaongea kwa kujiamini kabisa. Eti kuna daktari mkubwa Uingereza aligundua kwamba chanjo ya surua inaleta usonji, televisheni ikamchafulia jina ili anyamaze, ndipo akaenda kuwashtaki mahakamani.

Nikamwambia: daktari huyo yupo kweli, na kesi ilikuwepo kweli. Ila huyo aliyekurekodia ameishia katikati. Hajakwambia kesi iliishaje.

SEHEMU YA 2: Watoto 12

Daktari anaitwa Andrew Wakefield. Alikuwa mtafiti wa magonjwa ya utumbo katika hospitali ya Royal Free, London. Februari 1998, yeye na wenzake 12 walichapisha andiko katika jarida la kitabibu la The Lancet. Lilihusu watoto 12 tu waliokuwa na matatizo ya tumbo na ya ukuaji, wengi wao usonji. Baadhi ya wazazi walisema dalili zilianza baada ya chanjo ya MMR, ile ya pamoja ya surua, matumbwitumbwi na rubella.

Andiko lenyewe lilikiri kwamba halijathibitisha uhusiano wowote. Lakini mbele ya waandishi wa habari Wakefield akasema ni heri watoto wachomwe chanjo moja moja badala ya ile ya pamoja. Basi. Magazeti yakabeba, redio zikabeba, wazazi wakaogopa.

Na mimi siwalaumu wale wazazi. Dalili za usonji wengi huanza kuziona mtoto akiwa mwaka wa kwanza kuelekea wa pili, umri uleule ambao kule wanachoma MMR. Mtoto alikuwa anaita "mama", sasa haiti. Utakumbuka nini kilichotangulia? Utakumbuka sindano. Lakini jambo kutangulia lingine si lazima liwe ndilo lililolileta. Jogoo huwika kabla jua halijachomoza, ila si yeye analolitoa.

England, watoto wa miaka miwili waliochanjwa walikuwa karibu asilimia 92 katikati ya miaka ya 1990. Kufikia 2003 hadi 2004 walishuka hadi asilimia 80.

SEHEMU YA 3: Kipindi cha televisheni

Mwandishi wa habari za uchunguzi, Brian Deer, akaanza kufukua. Februari 2004 aliandika katika gazeti la Sunday Times kwamba Wakefield alikuwa akilipwa kupitia wanasheria waliokuwa wanaandaa kesi dhidi ya watengenezaji wa chanjo. Pesa zenyewe zilitoka kwenye mfuko wa serikali wa msaada wa kisheria. Yaani mtafiti alikuwa na upande, na wasomaji wake hawakuambiwa. Mwezi uliofuata, waandishi 10 kati ya wale 13 wakajiondoa kwenye tafsiri ya kwamba chanjo inahusika.

Novemba 2004 kituo cha Channel 4 kikarusha kipindi cha Deer. Humo yakatoka mawili mazito. La kwanza, mwaka 1997, kabla andiko halijatoka, Wakefield alikuwa ameshaomba haki miliki ya chanjo yake mwenyewe ya surua. La pili, mtafiti kijana aliyefanya kazi kwenye maabara yake alisema alipima sampuli za watoto wale na hakukuta virusi vya surua.

Hebu jiweke kwenye nafasi ya daktari. Kazi yetu ya afya inasimama juu ya jina. Mama akishaniona mwongo, hata nikimwambia mtoto ana degedege hataniamini. Kwa hiyo sheria ya kashfa ina maana yake. Ukimpaka mtu matope kwenye taaluma yake bila ushahidi, akakosa kazi na heshima, ana haki ya kukufikisha kwa jaji na kudai fidia. Mwaka 2005 Wakefield akafanya hivyo: akaishtaki Channel 4, waliotengeneza kipindi, na Deer mwenyewe.

SEHEMU YA 4: Mahakamani

Hapa naomba msome taratibu, maana ndipo ule ujumbe wa sauti unaponyamaza.

Kwa sheria ya Uingereza, kwenye kesi ya kashfa mzigo unambebea aliyesema. Daktari hakutakiwa kuthibitisha kwamba yeye ni mkweli. Televisheni ndiyo iliyotakiwa kuthibitisha kwamba ilichosema ni kweli. Kama walimsingizia, ilikuwa nafasi yake nzuri kuliko zote ya kusafisha jina na kulipwa juu yake.

Channel 4 hawakuomba radhi. Wakasema: tulichosema ni kweli, na tutakithibitisha.

Muda si mrefu daktari mwenyewe akaomba kesi isimamishwe, isubiri shauri lake katika Baraza la Madaktari la Uingereza. Novemba 2005 Jaji Eady akakataa. Kwa maelezo yangu ya kawaida, jaji aliona kwamba daktari anataka kuwa na kesi ili aitumie kuwanyamazisha wanaomkosoa na kujijengea picha nzuri kwa watu, huku akikwepa hatari ya kesi yenyewe kusikilizwa. Ukimshtaki mtu, njoo mkasikilizwe.

Desemba 2006 jaji akaamuru upande wa televisheni upewe nyaraka ambazo daktari alikuwa amekabidhiwa kwa ajili ya shauri la Baraza. Mwisho wa mwezi huohuo Sunday Times likataja kiasi alicholipwa na wale wanasheria: pauni 435,643, mbali na gharama zake nyingine.

Januari 2007, kabla kesi haijafika hatua ya mashahidi kusimama, Wakefield akaifuta mwenyewe. Akakubali na kulipa gharama za aliowashtaki.

Soma tena, mama. Hakunyimwa haki, mlango ulikuwa wazi. Aliyeufungua ni yeye, na aliyeufunga ni yeye.

SEHEMU YA 5: Baraza la Madaktari

Baraza lilianza kumsikiliza Julai 2007 na likatoa matokeo Januari 2010. Likamkuta na hatia ya kutokuwa mwaminifu. Likasema pia kwamba watoto walifanyiwa vipimo vizito, kama kutolewa maji ya uti wa mgongo na kuingizwa mpira wa kamera kwenye utumbo, bila kibali cha maadili na bila ugonjwa wao kuvihitaji.

Na kuna hili ambalo mimi kama mama lilinikaa kifuani. Kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mwanawe, alitoa damu watoto wageni kwa ajili ya utafiti, akawapa pauni 5 kila mmoja.

Februari 2010 The Lancet wakalifuta andiko lote. Mei mwaka huohuo akafutwa kwenye orodha ya madaktari wa Uingereza. Mwaka 2012 akajaribu tena kesi ya kashfa, safari hii Marekani, kule Texas, dhidi ya jarida la BMJ na Deer. Mahakama ikaitupa kwa kuwa haikuwa na mamlaka juu ya hao Waingereza. Yeye bado anashikilia kwamba alionewa.

Ila surua haikusubiri mawakili. Mwishoni mwa 2012 ililipuka maeneo ya Swansea, Wales. Waliougua walizidi 1,200, wengi wao vijana waliorukwa na chanjo miaka ile ya hofu. Mtu mmoja alifariki.

Na utafiti ukaendelea. Denmark walifuatilia watoto 657,461, matokeo yakatoka 2019. Waliochanjwa MMR hawakupata usonji kuliko wasiochanjwa. Linganisha na wale 12.

SEHEMU YA 6: Sasa sisi

Hapa kwetu hatuchomi MMR. Tangu 2014 tunatumia chanjo ya surua-rubella, dozi ya kwanza miezi 9, ya pili miezi 18. Kwa nini miezi 9? Kwa sababu kinga uliyompa tumboni inakuwa imepungua, na ukichoma mapema mno kinga hiyo inaizuia chanjo isifanye kazi vizuri. Mgonjwa mmoja wa surua anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga. Inapofusha, inaleta homa ya mapafu, inaua. Ya pili msiisahau. Wengi mnaiacha kwa sababu mtoto ameshatembea na kadi imepotea.

Sisemi kila linalorushwa kwenye televisheni ni kweli. Vyombo vya habari hukosea, na watu wasio na hatia huchafuliwa. Ndiyo maana mahakama zipo. Lakini ukisikia "fulani alionewa", uliza: alipopata nafasi ya kuonyesha karatasi zake mbele ya jaji, alizionyesha? Na huyu anayenitumia ujumbe wa sauti, yeye atazileta wapi?

Yule mama siku ile hakuchoma. Sikumgombeza. Nilimwandikia tarehe kwenye kadi, nikamwambia aje na maswali yote. Wiki iliyofuata alirudi na baba mtoto, na baba ndiye aliyeuliza zaidi: homa itakuwa ya siku ngapi, upele ukitoka nifanye nini, mkono ukivimba je. Nilijibu yote. Homa na upele kidogo vinaweza kutokea wiki ya kwanza au ya pili, huisha vyenyewe. Akizidiwa, mleteni.

Mtoto alilia kidogo, akapewa titi, akanyamaza. Miezi 18 nawasubiri.

Mwenye swali aandike hapo chini, nitajibu nikitoka zamu. Na ukiwa na ndugu mwenye mtoto wa miezi tisa, mpelekee hii.