Safari Rally: Mbio zilizoanzishwa kumtukuza Malkia na jinsi zilivyopata wenyewe

MBIO za magari za Safari Rally, ambazo Wakenya wengi huzihesabu kuwa zao tangu jadi, zilianza kama sherehe ya watu wengine kabisa. Mashindano ya kwanza yalifanyika kuanzia Mei 27 hadi Juni 1, 1953, ili kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, ambaye alivishwa taji jijini London Juni 2. Ndiyo maana yalipewa jina la Safari ya Kutawazwa ya Afrika Mashariki.

Kenya ya wakati huo haikuwa mahali pa sherehe kwa kila mtu. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza hali ya hatari Oktoba 1952, na mwezi wa Aprili 1953 Jomo Kenyatta na wenzake watano walihukumiwa kifungo huko Kapenguria. Katika nchi ambamo Mwafrika alihitaji kibali ili avuke wilaya, walowezi waliwasha magari yao wakazuru Kenya, Uganda na Tanganyika kwa kujifurahisha. Jambo hilo halikuandikwa sana katika kumbukumbu za mbio zenyewe, lakini haliwezi kutenganishwa na historia yake.

Wazo la mashindano hayo lilitokana na mazungumzo ya watu wawili wa ukoo mmoja, Eric Cecil na Neil Vincent. Cecil alikuwa akimshawishi Vincent ashiriki mbio katika uwanja wa Langa Langa, karibu na Gilgil. (Wasomaji wa kurasa za michezo watalitambua jina hilo, kwani mbio za magari zingali zikiitwa langalanga katika Kiswahili cha Kenya.) Vincent alikataa. Alisema haoni raha yoyote ya kuzunguka pale pale kama ng'ombe wa kinu, ila kama watu wangeingia magarini, wavuke nusu ya Afrika na kurudi, na atakayetangulia kufika nyumbani awe ndiye mshindi, hapo yeye angekuwa radhi kwenda.

Kanuni za mwanzo zilikuwa za kipekee. Magari yalipangwa katika madaraja kwa kufuata bei yake dukani, wala si kwa ukubwa wa injini, na yalitakiwa yawe kama yalivyouzwa, bila kuongezewa nguvu. Shabaha ilikuwa wazi: mnunuzi wa Nairobi au Kampala ajue ni gari lipi la bei anayoimudu litakalostahimili barabara za huku. Mwaka huo wa kwanza hakukuwa na mshindi wa jumla, ila Alan Dix na Johnny Larsen, waliokuwa katika Volkswagen ndogo ya umbo la kobe, ndio waliopata pointi chache zaidi za adhabu.

Pointi hizo ndizo zilizokuwa roho ya mashindano. Dereva alipewa muda maalumu wa kutoka kituo kimoja cha ukaguzi hadi kingine, na kila dakika aliyochelewa ilihesabiwa dhidi yake. Aliyemaliza na adhabu ndogo ndiye aliyeshinda. Barabara hazikufungwa kama ilivyokuwa desturi ya Ulaya katika sehemu za kasi. Dereva wa mashindano alikutana na mabasi, malori ya kahawa, ng'ombe waliokwenda malishoni na, usiku, wanyama wa porini. Kwa kuwa mbio zilizoea kufanyika siku za Pasaka, masika yalikuwa yamekwisha kuingia. Barabara iliyokuwa vumbi tupu asubuhi iligeuka tope la kumeza magurudumu kufikia jioni, na daraja lililopitika jana lingeweza kusombwa na maji leo.

Miaka ya kwanza ilitawaliwa na madereva wakazi. Vic Preston alishinda mwaka wa 1954 kwa Volkswagen na tena mwaka wa 1955 kwa Ford Zephyr, mara zote mbili akiwa na mwelekezi D.P. Marwaha. Eric Cecil mwenyewe alipata ushindi mwaka wa 1956 akiendesha DKW, gari dogo la Kijerumani. Bill Fritschy na Jack Ellis walitwaa taji mara mbili mfululizo, 1959 na 1960, kwa Mercedes 219. Mwaka huo wa 1960 ndipo neno la kutawazwa lilipoondolewa katika jina, na mashindano yakaitwa East African Safari Rally. Tanganyika ilipata uhuru mwaka uliofuata, Uganda mwaka wa 1962 na Kenya mwishoni mwa 1963. Bendera zilibadilika kila upande wa mipaka, lakini magari yaliendelea kuivuka.

Kufikia hapo viwanda vya ng'ambo vilikuwa vimekwisha kunusa faida. Iwapo gari lingepona Safari, hapakuwa na tangazo bora kuliko hilo. Madereva mashuhuri wa Ulaya waliletwa, wengi wakarudi makwao na masimulizi badala ya vikombe. Pat Moss, dadake dereva maarufu Stirling Moss, aligonga paa akiwa mbele katika mbio za 1962, akamaliza wa tatu kwa Saab yake. Erik Carlsson wa Sweden alimaliza wa pili mwaka wa 1964. Inasimuliwa kuwa alipokwama topeni alilibiringisha gari makusudi, likapinduka na kusimama tena penye ardhi ngumu. Wanahabari walipomtilia shaka, alilibiringisha tena mbele ya macho yao.

Mwaka wa 1963 ulizidi yote yaliyotangulia. Magari 84 yaliondoka, yakarudi saba. Waliotangulia walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff katika Peugeot 404. Mvua ilirudia kazi hiyo mwaka wa 1968, magari 93 yakiondoka na saba tu yakimaliza, na ajabu ni kwamba walioshinda walikuwa Nowicki na Cliff wale wale, wakiwa na Peugeot 404 vilevile. Kati ya ushindi huo wa aina mbili, Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda mwaka wa 1966 na wa 1967 akiwa na Chris Rothwell, naye pia kwa Peugeot 404. Si ajabu basi kwamba Peugeot zilikuja kuaminiwa mno na wasafirishaji wa abiria wa masafa marefu nchini Kenya.

Hata hivyo, ushindi uliobadilisha sura ya Safari ni ule wa 1965. Joginder Singh, makanika aliyezaliwa Kericho mwaka wa 1932, aliingia na nduguye Jaswant katika Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, ambayo aliitengeneza upya. Magari ya viwanda yalikuwa na makanika wake, vipuri vyake na fedha zake. Hawa ndugu wawili walikuwa na ujuzi wa karakana. Walipewa nambari ya kwanza katika kuondoka, wakafika wa kwanza, na kuwaacha waliowafuata mbali sana. Kwa mara ya kwanza, dereva mwenye asili ya Kiasia alikuwa ameshinda mashindano yaliyoanzishwa kama burudani ya walowezi, tena miezi michache tu baada ya Kenya kuwa jamhuri. Watu wakambandika jina la Simba wa Kenya. Mwafrika, kwa upande wake, alikuwa bado kando ya barabara zaidi kuliko penye usukani: ndiye aliyesukuma magari yaliyokwama, akafanya kazi katika karakana, na kusikiliza matokeo redioni Pasaka nzima.

Wajapani nao walikuja na subira yao. Datsun ilijaribu bahati yake mwaka wa 1963 na haikufua dafu. Mwaka wa 1966 gari la Bluebird likashinda daraja lake, habari iliyowasisimua Wajapani hata ikatengenezewa filamu mwaka wa 1969, akiigiza Yujiro Ishihara. Ushindi wa jumla ulipatikana mwaka wa 1970, Edgar Herrmann na Hans Schüller walipotangulia kwa Datsun 1600 SSS, kisha wakarudia mwaka wa 1971 kwa Datsun 240Z. Herrmann alikuwa Mjerumani mkazi wa Kenya. Mgeni wa kwanza kabisa kutoka ng'ambo kushinda alikuwa Hannu Mikkola wa Finland, mwaka wa 1972, akiwa na Gunnar Palm katika Ford Escort. Wenyeji walikuwa wamelinda taji kwa karibu miaka 20.

Mwaka wa 1973 Safari iliingizwa katika mashindano mapya ya ubingwa wa dunia. Aliyeshinda ni Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Miezi michache kabla ya hapo, Agosti 1972, Idi Amin alikuwa ameamuru Waasia wafukuzwe nchini humo, na Mehta akahamia Kenya. Yeye na Lofty Drews, katika Datsun 240Z, walilingana kabisa kwa pointi na Harry Källström wa Sweden. Mehta alipewa ushindi kwa kuwa ndiye aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza.

Uhusiano wa nchi tatu ulikuwa unazorota, na umoja wa barabara ukazorota nao. Kuanzia mwaka wa 1974 mashindano yalifungiwa ndani ya Kenya na jina likafupishwa kuwa Safari Rally. Mwaka huo Joginder alishinda tena, safari hii kwa Mitsubishi Lancer akiwa na David Doig, na mwaka wa 1976 wawili hao wakaongeza ushindi mwingine, wa tatu kwa Joginder. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka wa 1977 na Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, magari ya Safari yalikuwa yamekwisha kuacha kuuvuka. Mehta alirudi kushinda miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, akiwa na Mike Doughty. Rekodi yake ya ushindi mara tano haikufikiwa na dereva yeyote kabla ya Safari kuondolewa katika ratiba ya ubingwa wa dunia baada ya mashindano ya 2002. Mehta alifariki mwaka wa 2006, naye Joginder akafariki mwaka wa 2013.