Ubao na Mpandaji: Uteuzi wa Mbao za Mawimbi Hawaii

Katika visiwa vya Hawaii, ambako ubao wa kusimama na kupiga kafi una asili yake, suala la ubao gani wa mawimbi ungemfaa nani liliamuliwa zamani kwa cheo na kwa tabia ya maji. Olo, ubao mrefu na mnene uliobinuka juu na chini, aghalabu wa mti mwepesi uitwao wiliwili, ulikuwa wa machifu. Alaia, ubao mfupi na mwembamba wa mti wa koa au mshelisheli, ulitumiwa na watu wa tabaka zote. Tofauti hiyo haikuwa ya fahari tupu, kwa kuwa unene wa olo uliuwezesha kuelea vyema na kulidaka wimbi kabla halijavunjika, ilhali alaia ulihitaji wimbi lenye mwinuko mkali. Mbao za chifu Abner Pākī, zilizohifadhiwa Bishop Museum mjini Honolulu, ndizo zilizomvutia mpanda mawimbi Mmarekani Tom Blake katika miaka ya 1920, hata akabuni ubao wenye uwazi ndani.

Katikati ya karne ya 20, baadhi ya wakufunzi wa ufuo wa Waikiki walisimama juu ya mbao zao wakipiga kafi, wapate kuwaona wanafunzi na mawimbi yajayo. Kwa mtindo huo upana ukawa jambo la kwanza kupimwa: ubao wa takriban sentimita 80 humtuliza anayeanza, na ulio mwembamba hukata maji kwa kasi lakini huyumba. Uzito wa mpandaji nao hulinganishwa na ujazo, yaani nafasi ya ubao inayohesabiwa kwa lita, kwani ubao uliozidiwa na uzito hudidimia na kuwa mgumu kusukumwa.