Mubirizi, dawa chungu ya nyuma ya nyumba: ilikotoka, na inapoishia nguvu yake

Beni na Butembo, Kivu ya Kaskazini – Katika viwanja vingi vya Butembo, karibu na jiko au kwenye ua, kuna mti mfupi wa majani machungu. Mtoto akilia tumbo, mama mzee wa nyumba hatumi mtu farmasi kwanza. Anachuma majani machache, anayaponda, anayakamua ndani ya maji, na mtoto anakunywa akiwa amefumba macho. Huo ni mubirizi.

Jina hilo linavuka mipaka. Rwanda wanasema umubirizi, Ankole ya Uganda omubirizi, na Buganda mululuza. Wataalamu wa mimea wanauita Vernonia amygdalina, kwa kumkumbuka William Vernon, Mwingereza aliyekusanya mimea huko Marekani mwishoni mwa karne ya 17. Wazee wa Afrika walioujua kwa kuutumia hawakuandikwa popote. Kwa bahati nzuri, mmoja aliandikwa.

Mzee huyo ni Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe wa milima ya Mahale nchini Tanzania, kwenye ziwa Tanganyika, ngambo ya pili ya Kongo yetu. Alikuwa mganga kama wazee wake, na alifanya kazi ya kulinda wanyama. Mwezi wa Novemba 1987, yeye na mtafiti Michael Huffman walikuwa wakifuata sokwe jike aliyepewa jina la Chausiku. Siku hiyo Chausiku alionekana mgonjwa: alilala sana, na hakula vizuri. Kisha akaenda kwenye mti mmoja, akavunja tawi, akamenya ganda na majani, akatafuna kiini cha ndani na kunyonya maji yake machungu.

Huffman aliuliza ni mti gani. Kalunde alimwambia kwamba Watongwe wanauita mjonso, nao ni dawa yao ya tumbo na minyoo. Kesho yake Chausiku alikuwa amepata nguvu tena. Baadaye walimfuata sokwe mwingine aliyetafuna mti huohuo, na mayai ya minyoo katika choo chake yalikuwa yamepungua sana ndani ya siku moja. Habari ya Chausiku ilichapishwa mwaka wa 1989, jina la Kalunde likiwa pamoja na la Huffman. Watongwe wenyewe walikuwa wamekwisha kuhamishwa kutoka milima hiyo, ambayo ilifanywa mbuga ya taifa mwaka wa 1985. Ardhi ilibaki nyuma, lakini ujuzi wa dawa ulihama pamoja nao.

Mubirizi ni chakula pia. Huko Kameruni, majani yake huchemshwa, husuguliwa na kuoshwa mara nyingi mpaka uchungu upungue, kisha hupikwa pamoja na karanga na nyama au samaki. Chakula hicho kinaitwa ndolé, na hupikwa hata kwenye sikukuu. Siri iko katika kuosha: maji ya kwanza yanamwagwa, na ya pili vilevile, mpaka mpishi aonje na kuridhika.

Lakini historia ya mti huu ina upande mwingine, na jamaa nyingi za Beni na Butembo zinapaswa kuusikia. Kwetu mubirizi hunywewa pia kwa ajili ya malaria. Ngambo ya Kasindi, kusini-magharibi mwa Uganda, watafiti waliwapa wagonjwa wa malaria isiyo kali maji ya majani mabichi ya mti huu, wakatangaza matokeo mwaka wa 2009. Kwa kila wagonjwa 100, kama 67 walikuwa wamepata nafuu siku ya 14. Wazee hawakudanganya: majani yanasaidia. Ila kati ya hao waliopata nafuu, karibu theluthi moja tu ndio walioishiwa kabisa na vijidudu vya malaria ndani ya damu, na kwa wengi wa hao vijidudu vilirudi. Homa inaweza kushuka huku ugonjwa ungali ndani. Kwa mtoto mdogo au mama mwenye mimba, siku za kungojea hapo zinaweza kuwa za mwisho.

Beni na Butembo zilijifunza jambo hilo kwa machozi. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikianzia upande wa Mangina, na ikaisha tarehe 25 Juni 2020 baada ya kuua watu 2.287. Mwanzoni Ebola inafanana na malaria: homa, kichwa kuuma, mwili kuchoka. Watu walihudumiwa nyumbani au kwa waganga kama wanavyohudumiwa wenye malaria, na wengine waliambukizwa hukohuko, pamoja na waliowahudumia. Kosa halikuwa la majani. Kosa lilikuwa kuyaomba kazi yasiyoiweza.

Tangu mauaji yalipoanza katika eneo la Beni mwezi wa Oktoba 2014, maelfu ya jamaa wameacha mashamba na kukimbilia Oicha, Beni mjini na Butembo. Aliyekimbia usiku hakubeba shamba. Lakini mubirizi hauhitaji shamba, wala mbegu ya kununua. Kijiti cha urefu wa mkono, kilichokatwa kwenye tawi lililokomaa na kuchomekwa kwa mshazari ardhini wakati wa mvua, kinashika mizizi. Jirani hamnyimi mtu kijiti. Ukichumwa kwa kiasi, mti unatoa majani mapya mwaka hata mwaka, hata kwenye kipande cha udongo kando ya nyumba ya kupanga.

Mama mzee anayemwonyesha mjukuu namna ya kuponda majani amwonyeshe pia mpaka wake: tumbo dogo na minyoo, mubirizi, homa ya mtoto, kituo cha afya siku hiyohiyo.