Mbuni wa Oudtshoorn

Kwa karne nyingi mtu aliyetaka manyoya ya mbuni alimwinda ndege huyo na kumwua. Kumfuga ni jambo la juzi, nalo lilishika mizizi katika Koloni la Rasi, Afrika ya Kusini, baada ya mwaka 1860. Hesabu ya mwaka 1865 ilikuta mbuni wafugwao 80 tu. Ile ya 1875 ilikuta 21,751. Ua wa senyenge ulimzuia ndege, majani ya lusini yalimlisha, na mashine ya kuangulia mayai aliyoitengeneza Arthur Douglass mwaka 1869 ikamzidisha. Manyoya yalikatwa, na mengine yakaota, mfano wa kondoo na sufu yake.

Makao ya kazi hii yakawa Oudtshoorn, katika nchi kavu ya Klein Karoo. Wayahudi waliohamia huko kutoka Lithuania walikuwa wanunuzi hodari. Mzigo ulikwenda mnadani London, ukaishia katika kofia za mabibi wa Ulaya na Marekani. Wenye mashamba walijijengea majumba ya mawe. Vibarua wasiokuwa Wazungu, waliochunga ndege hao, hawakujengewa kitu.

Serikali nayo iliilinda biashara. Mwaka 1884 iliweka kodi ya pauni 100 juu ya kila mbuni apelekwaye nje, na pauni 5 juu ya kila yai. Mwaka 1911 ujumbe wa siri, chini ya Russell Thornton, ulitumwa hata Nigeria ya kaskazini kutafuta mbuni wenye manyoya mazito zaidi. Hapa ndipo nionapo kosa. Macho yote yalimwelekea mshindani wa ng'ambo, na hapana aliyezuia wingi wa ndani. Kufikia 1913 mbuni walizidi 700,000, na manyoya yalikuwa bidhaa ya nne kwa thamani kuuzwa nje, baada ya dhahabu, almasi na sufu.

Mwaka 1914 bei ilianguka. Husemwa kwamba motokaa ndiyo iliyowaangamiza mbuni, kwa kuwa kofia pana haikukaa kichwani mwa abiria wa gari lililo wazi. Maneno hayo yana ukweli, na vita pia vilifunga masoko. Lakini ni hadithi iliyowapendeza waliofilisika, maana haiwataji wao. Ndege waliokuwa mali jana wakawa mzigo wa kulishwa. Wengi waliuawa, wengine wakafunguliwa waende porini.

Waliosalia waliokolewa na ngozi yao na nyama yao, vitu ambavyo wafugaji wa kwanza hawakuvithamini sana. Chama cha ushirika kiliundwa Oudtshoorn mwaka 1945. Machinjio yakafuata, kisha kiwanda cha ngozi mwaka 1970. Mwaka 2011 mafua ya ndege yaliingia mashambani, na Ulaya ikakataa nyama mbichi ya mbuni. Ngozi haikukatazwa.