UZI: Mtoto wa darasa la nne asiyeweza kusoma ni kazi ya nani?

1. Msimu wa kura ukifika na elimu iguswe kwenye mdahalo, utasikia ahadi zilezile: madarasa mapya, basari, na "nitajenga shule maalum kila wadi." Makofi. Lakini kuna mtoto ambaye ahadi hizo hazimgusi. Anaona, anasikia, anacheza mpira vizuri tu, ila amefika darasa la nne na hawezi kusoma sentensi moja. Uzi huu ni wake. Sitataja mtu wala chama.

2. Hebu turudi nyuma kidogo. Elimu maalum hapa kwetu ilianzishwa sana sana na makanisa. Mwaka 1946 Jeshi la Wokovu lilifungua shule ya wasioona pale Thika. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 zikaja shule za viziwi Mumias na Nyang'oma. Ilikuwa kazi nzuri, lakini ilituachia mazoea mawili: kwamba ulemavu ni ule unaoonekana, na kwamba suluhisho ni bweni mbali na nyumbani.

3. Madaktari wa Uingereza walikuwa wanaandika kuhusu mtoto mwerevu asiyeweza kusoma tangu 1896. Kwetu alikuwa na majina mengine: mjinga, mzembe, kichwa ngumu. Dawa yake ilikuwa kiboko na kurudia darasa. Viboko vilipigwa marufuku 2001. Kurudisha mtoto darasa kulikatazwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Sawa kabisa. Lakini badala yake tuliweka nini? Mara nyingi, hakuna. Mtoto anapanda tu darasa kila Januari na shida yake mgongoni.

4. Pia kuna mtihani. Tulikuwa na CPE, halafu KCPE kuanzia 1985 hadi 2023. Kwa karibu miaka 40 shule ilipimwa kwa wastani wa darasa la nane. Mwalimu akipata saa moja ya ziada, aliambiwa aipeleke wapi? Kwa watahiniwa. Aliyekwama darasa la pili hakuonekana kwenye hesabu hiyo mpaka miaka sita ipite, na wakati huo tunamwita "dhaifu". Siwalaumu walimu. Walifanya kile walichokuwa wanapimwa nacho.

5. Usikubali mtu akuambie Kenya haijawahi kujaribu. Mwaka 1984, kwa msaada wa Denmark, tulianzisha vituo vya kutathmini watoto, vile vinavyoitwa EARC. Mtoto anapimwa, mzazi anashauriwa, shule inaelekezwa. Mwaka 1986 ikaundwa KISE, taasisi ya kufunza walimu wa elimu maalum, ambayo iko Kasarani. Kwa hivyo mgombea akisema "nitaleta mfumo wa kuwatambua watoto hawa", muulize ule wa miaka 40 iliyopita ataufanyia nini.

6. Udhaifu wa vituo hivyo ni kwamba vinangoja mtoto aletwe. Mtoto asiyesikia, mzazi hushtuka mapema. Mtoto asiyeshika herufi, mzazi huambiwa "atashika tu, wengine huchelewa." Na hata akishuku, kufika kituoni ni nauli na siku nzima ya kibarua iliyopotea. Akifika, mfumo umezoea kufikiria shule maalum au kitengo maalum, wakati mtoto huyu anachohitaji ni kufundishwa kusoma kwa njia tofauti, palepale shuleni kwake.

7. Mwaka 2003 elimu ya msingi ikawa bila malipo. Wanafunzi wa shule za msingi waliruka kutoka kama milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Mwaka huohuo kukaundwa jopokazi la kuangalia elimu maalum. Shida ni hesabu ya darasani: somo la dakika 30 kwa watoto 80 ni chini ya sekunde 25 kwa kila mmoja. Huwezi kugundua chochote kwa sekunde 25.

8. Hapa ndipo midahalo huchanganya mambo. Si kila anayebaki nyuma ana ulemavu wa kujifunza. Mwingine ana njaa, mwingine hukosa shule siku za soko, mwingine haoni ubao, mwingine anafundishwa kwa lugha asiyoijua. Disleksia ni kitu kingine: akili iko sawa, macho yako sawa, lakini kuunganisha sauti na herufi kunakuwa kazi ngumu. Utajuaje tofauti? Unaanza kwa kusaidia. Wape wote waliokwama mazoezi ya kusoma kila siku, kwa kikundi kidogo, kwa wiki kadhaa. Wengi watainuka. Wale watakaobaki ndio wa kupelekwa kwa mtaalamu. Msaada haungojei cheti.

9. Na tunajua inawezekana. Mpango wa Tusome, ulioenea nchi nzima kuanzia 2015, ulituma maafisa wenye tableti madarasani kuwasikiliza watoto wachache wa madarasa ya chini wakisoma, mmoja mmoja, halafu wakazungumza na mwalimu. Ni dakika chache kwa mtoto. Lakini huo pia ulitegemea pesa za wafadhili, kama EARC zilivyoanza. Mfadhili ana tarehe yake ya kuondoka. Mtoto wa darasa la pili yuko kila mwaka.

10. Sasa siasa yenyewe. Katiba ya 2010 iliipa kaunti elimu ya chekechea. Shule za msingi na elimu maalum zikabaki kwa serikali ya kitaifa. Maana yake, mwalimu wa chekechea anayeona dalili za kwanza ni wa gavana, na afisa wa kutathmini ni wa Nairobi. Mtoto akivuka kwenda Gredi ya 1, je, kuna karatasi inayovuka naye? Hapo kwenye mpaka ndipo tunampoteza, na kila upande unasema "hiyo si kazi yetu."

11. Kwa hivyo mdahalo ujao, acha kuuliza "utajenga shule ngapi?" Uliza haya:
– Nani atamsikiliza kila mtoto akisoma kabla hajamaliza Gredi ya 2?
– Akigunduliwa Jumatatu, Jumanne atapata nini, na kwa mwalimu gani?
– Afisa wa EARC atapewa nauli ya kufika shuleni, ama mzazi ndiye ataendelea kulipa?
– Iko laini gani ya bajeti, na kwa kiasi gani?

12. Akijibu kwa jengo, mrudishe kwa swali. Mtoto aliye Gredi ya 2 leo atakuwa Gredi ya 7 kura nyingine ikifika.